Mkia wa Mkanda

"Ana bawa moja tu, na haruki. Akishiba hewa hupanda, akitapishwa huzama. Nani huyo?"

Bi Pindo alimtegea mumewe kitendawili hicho asubuhi, chai haijapoa. Mumewe alikuwa fundi saa, mtu wa maneno haba, aliyezoea kuitazama dunia kwa jicho moja lenye kioo. Akasema kuku mgonjwa. Akasema puto. Mwisho akasalimu amri akatoa mji, na mkewe akaupokea mji huo bila hata shukrani, akampa jibu: mfuko wa hewa anaouvaa mzamiaji mgongoni. Tena leo hii alikuwa anakwenda kuununua, yeye na wifi yake. Fundi saa akarudisha kioo jichoni. Alimjua mkewe, na dada yake alimjua tangu utotoni. Hao wawili wakienda pamoja kununua chumvi hurudi na ugomvi mpya, chumvi wameisahau dukani.

Jina la Bi Pindo halikuwa la kuzaliwa nalo. Alishona viti: viti vya mabasi, makochi ya sebuleni, mito ya benchi za zahanati. Katika miaka thelathini ya kazi hiyo hakuna aliyewahi kuona uzi ukining'inia kwenye kazi ya mkono wake. Akikutana njiani na mtu asiyemjua, uzi umechomoza kwenye kola yake, aliukata kwanza, salamu baadaye. Mwili wake ulikuwa wa kujaa, na kicheko chake pia. Wifi yake alikuwa nesi, mwembamba kama sindano anazochoma watu, na kama sindano hizo, alianza kwa kukwambia hutasikia kitu.

Wanawake hawa walipendana sana, na kwa miaka arobaini na mmoja walikuwa wakigombana juu ya ngazi.

Wote wawili walikulia machimboni, baba zao wakikata mawe. Katikati ya shimo la machimbo ilisimama nyumba ya mizani, ambapo kila lori lilipimwa kabla ya kutoka, na mbele yake palikuwa na ngazi za mawe za kupandia kwenye mlango wa karani. Bi Pindo, akiwa na miaka kumi na miwili, alisimama juu kabisa akaruka hadi chini kwa mruko mmoja, akatua kwa miguu. Ngazi tisa. Hivyo ndivyo alivyosimulia yeye. Wifi yake, aliyekuwepo siku hiyo na kuona kwa macho yake yote mawili, alisema ni saba. "Saba hata mbuzi huruka," ndiyo ilikuwa kauli yake, na aliirudia mbele ya wakwe, mbele ya watoto, na sasa mbele ya wajukuu, kila Bi Pindo alipofika penye utamu wa hadithi. Ushahidi haukuwepo. Mwaka uliofuata machimbo yalifungwa, pampu zikazimwa, maji yakapanda kutoka ardhini yakalijaza shimo, na nyumba ya mizani ikaenda chini na ngazi zake bila kuhesabiwa.

Basi chama cha wazamiaji kilipofungua mafunzo kwenye bwawa la kuogelea la mjini, na habari zikaenea kuwa wanafunzi wakihitimu hupelekwa machimboni kwa sababu maji yake ni maangavu, nesi alijiandikisha siku hiyohiyo. Hakumwambia mtu. Bi Pindo alizipata habari kwa mteja aliyeleta kochi, akaacha kochi halijapimwa, akaenda kujiandikisha naye. Hakuwa na haja ya samaki wala ya kuona chini ya maji kukoje. Hesabu yake ilikuwa hii: shahidi akiwa mmoja, na shahidi huyo ndiye mshitaki, kesi imekwisha kabla ya kufunguliwa. Wifi akizama peke yake, ataibuka na saba, na saba itabaki saba mpaka kiyama.

Mkufunzi wao aliitwa Polepole, kwa kuwa neno hilo alilitumia kuliko jina lake mwenyewe. Chama kiliazima watu mitungi ya hewa na nguo nene za mpira, lakini kila mtu alitakiwa kuwa na vazi lake la mgongoni, lililofungwa kwa mwili wake mwenyewe. Vazi hilo lina vitu vitatu. Bamba, ambalo hukaa mgongoni kama sinia. Mkanda mmoja mrefu wa nailoni, unaopitishwa kwenye matundu ya bamba ukazunguka mabega na kiuno. Na bawa, ule mfuko wa hewa, linalolala kati ya bamba na mtungi. Polepole aliwaambia wasinunue kitu bila yeye kuwepo, maana muuzaji huuza kilichopo na si kinachokufaa.

Na kweli, dukani muuzaji alianza kwa kuleta bawa kubwa kuliko yote. Alilitandaza juu ya meza, likafunika meza. Alieleza kuwa hilo lina nguvu za kunyanyua mitungi miwili, na kwamba mama mwenye mwili kama Bi Pindo hapaswi kujipunja. Nesi aliuliza kwa upole kama wifi yake ana nia ya kuipandisha nyumba ya mizani yenyewe. Polepole hakucheka. Alisema bawa kubwa kwenye mtungi mmoja ni gunia tupu lililofungwa mgongoni. Hewa hukimbilia upande mmoja, na mwenyewe anapinduka kama kobe. Akachagua mawili madogo, ya mviringo, mfano wa tairi la ndani la pikipiki.

Yakaja mabamba. Nesi alichukua la alumini, jepesi, kwa sababu alipanda basi na hakutaka kubeba mzigo. Bi Pindo akataka la chuma. Polepole akaafiki: chuma kitamsaidia kuzama, na vile vipande vizito vya risasi vya kiunoni vitapungua. Muuzaji alikuwa ameshaanza kufunga, Bi Pindo akamzuia. Aliingiza kidole gumba kwenye kila tundu la bamba akakizungusha taratibu, macho kafumba. Kwenye tundu la nne akafumbua. Alivua kilemba chake, akapitisha upindo wake pale. Kitambaa kikanasa, uzi ukavutika. Muuzaji alisema hiyo ni chembe tu, haidhuru.

"Kinachong'ata uzi leo kitakula mkanda kesho," Bi Pindo alimwambia. "Lete lingine, mwanangu."

Aliletewa la pili akalirudisha. La tatu likapita. Polepole alimtazama mwanamke huyu kwa muda, na tangu siku hiyo akawa anamwita fundi. Jambo hilo lilimkera nesi wiki nzima, kwa sababu yeye aliogelea vizuri zaidi na hakuna aliyemwita chochote.

Kufunga mkanda kulifanyika karakanani kwa Bi Pindo, kati ya viti vya basi vilivyochunwa ngozi. Mkanda ule ni mgumu kama jibu la mwenye nyumba ya kupanga. Vidole vya nesi viliuma, vya Bi Pindo vilicheza. Polepole aliwaonyesha vipimo. Begani vidole viwili vipite chini ya mkanda bila kubisha hodi. Mkono urudi nyuma ya shingo uguse ukingo wa juu wa bamba. Usipogusa, bamba liko chini mno. Pete mbili za chuma zikae kifuani pale dole gumba linapofika lenyewe. Bizimu la kufungia kiunoni lisikae katikati, lisogee kulia kidogo, ili lisigombane na mkanda mwingine, ule mfupi, unaopita katikati ya miguu na kupanda mbele.

Kwenye huo wa katikati ya miguu, masomo yalisimama kidogo. Nesi alicheka mpaka akakaa sakafuni. Bi Pindo aliuliza ukazwe kiasi gani, na Polepole, bila kubadilisha uso, akajibu kuwa usilegee bamba likapanda kisogoni, wala usikaze sauti ikabadilika.

Walipomaliza, kila mmoja alibaki na kipande cha mkanda kinachoning'inia kiunoni upande wa kushoto. Cha Bi Pindo kilikuwa kama mkono toka kiwiko hadi vidole. Cha nesi, kwa wembamba wake, kilifika gotini. Macho ya Bi Pindo yalikwenda kwenye kipande chake yakakwama hapo, na Polepole akayaona.

"Usikate," alisema. "Mkanda haukatwi mpaka umezama nao mara kumi." Akafika mlangoni, akageuka. "Fundi. Usikate."

Alivumilia, Mungu ni shahidi wake. Siku ya kwanza bwawani ule mkia ulimwelea mbele ya uso kama nyoka wa maji, akaukunja akauchomeka kiunoni. Siku ya pili ulichomoka tena. Siku ya tatu nesi alimuuliza kama ameona jinsi mkia wake unavyomfuata kwa utiifu kuliko watoto wake. Nyumbani aliutundika mzigo wote kwenye ndoana ya karakana, pembeni ya kazi zilizokwisha, na kila alipopita aliona kitu kinaning'inia penye kazi zilizokwisha. Alikifunika kwa shuka. Kikatokeza chini ya shuka.

Kisha mteja mmoja, mwalimu mkuu, alikuja kuchukua viti vya ofisi yake. Viti vikamridhisha. Wakati wa kutoka akaoneshea kidole ndoana, akauliza kwa adabu kabisa kama kile kitu pale bado hakijamalizika.

Hapo ndipo maji yalipozidi unga. Mteja hajavuka kizingiti, Bi Pindo ameshawasha kisu cha moto, kile cha kukatia mikanda ya viti vya mabasi. Akavaa vazi juu ya fulana, akajipima mbele ya kioo, akachora mstari kwa chaki, akavua. Nailoni ikalia zii, harufu ikapanda, mkia ukadondoka. Alilainisha ncha kwa moto hadi ikawa kama ukucha wa mtoto. Akalitundika tena vazi, akasogea nyuma kulitazama. Lilikaa kama kitu cha kuzaliwa. Mkia akautupa kwenye ndoo ya makapi, akarudi kwenye cherehani akiimba.

Ilipofika Jumamosi, watu wanne walishuka kwenye gari pembeni mwa machimbo: Polepole, mawifi wawili, na fundi saa, aliyekuja kwa kuwa alikuwa na chupa ya chai na kwa kuwa aliogopa kubaki nyumbani akisubiri. Maji yalikuwa yametulia ndani ya kuta za mawe, kijani kibichi, na hayakuonyesha dalili ya kuwa yamemeza nyumba. Polepole alitoa mipango: watatu watazama pamoja, mita kumi na mbili, mpaka kwenye nyumba ya mizani na kurudi. Chini kuna baridi kali. Kwa hiyo, nguo nene.

Bi Pindo alizisikia sawasawa zile habari za nguo nene, kama alivyozisikia darasani, na kichwa chake hakikuzipeleka popote. Bwawani maji yalikuwa ya uvuguvugu, na nguo ile hakuwahi kuivaa. Ilikuwa nene kama godoro la kitanda cha mtoto. Kumwingiza humo kulihitaji watu wawili na maji ya sabuni, na alipotokeza kichwa upande wa pili alikuwa ameumuka kila mahali kama unga uliotiwa hamira. Alicheka mwenyewe. Akalibeba vazi lake la mgongoni, akapitisha mikono kwa shida, akavuta mkanda wa kiuno kuelekea kwenye bizimu.

Haukufika.

Akavuta pumzi ndani. Akavuta mkanda. Kati ya ncha na bizimu palibaki vidole vinne, na vidole hivyo vinne havikupungua hata aliposimama kwa ncha za miguu, ambalo ni jambo lisilosaidia kiuno, lakini mtu akibanwa hujaribu vyote. Polepole alisogea. Aliishika ncha ya mkanda, akaigeuza, akaipapasa kwa kidole.

"Umekata."

"Nilipunguza."

"Ulizama nao mara ngapi?"

Alijibu kwa sauti ya mtoto aliyekutwa jikoni kuwa mara tatu. Za bwawani.

Polepole hakumkaripia, na hilo liliuma zaidi. Alisema tu kwamba leo hazami. Bi Pindo alisema ana sindano na uzi wa nailoni mkobani, ataunga kipande dakika kumi. Mkufunzi akajibu kwamba mshono wake anauamini kuliko wa kiwandani, ila mkanda uliobeba roho ya mtu haungwi, na kanuni hiyo hakuitunga yeye. Basi atazama bila nguo nene, alisema Bi Pindo, yeye ana nguo yake ya asili, na akajipiga nyonga. Polepole akatikisa kichwa: baridi ya chini haitaniwi. Kila mlango alioubisha ulifungwa polepole.

Nesi wakati huo alikuwa amekaa juu ya jiwe ukingoni, amevaa kila kitu, mkanda wake mrefu umemzunguka kiuno mara ya pili na mkia kuchomekwa chini. Alikuwa amecheka hadi miwani yake ya kuzamia ikaingia ukungu, akaivua kuifuta. Kicheko kilipokwisha, alisimama, akajinyoosha, akasema kwa sauti ile aliyotumia kuwaambia wagonjwa kuwa dawa si chungu:

"Wifi, nikusalimie ngazi zote saba?"

Bi Pindo aliona mbele yake miaka mingine arobaini. Aliwaona wajukuu wakisikiliza, na wifi yake akiinua mkono kusema kuwa yeye alishuka akahesabu kwa mikono yake. Lakini macho yake yalikuwa yameshatoka kwenye uso wa wifi na kushuka kiunoni kwake. Jicho la mshonaji halina likizo, hupima hata msibani. Ule mkanda wa nesi ungemzunguka yeye, nguo nene na yote, ukabaki kiganja kizima. Na ule wake uliokatwa ungemkaa nesi, nguo nene na yote, kana kwamba alipimwa yeye.

Akamuuliza Polepole: mkanda mzima kwa mkanda mzima, usiokatwa katikati wala kuungwa, watu wakibadilishana, kuna kosa?

Polepole aliwatazama wote wawili, unene na wembamba. Akasema hakuna kosa. "Mkiafikiana," akaongeza, na huko ndiko kulikokuwa na mlima.

Nesi alirudi kukaa juu ya jiwe. Hakuwa na haraka tena. Alisema mkanda wake ameuzoea. Alisema unamkaa vizuri, na ule mkia wake, uliochekwa sana na watu fulani, ameanza kuupenda. Bi Pindo alimkumbusha makochi yote ya nyumbani kwake nani aliyashona. Akajibiwa kwamba mambo ya makochi yabaki kwenye makochi. Alimkumbusha undugu. Nesi akasema undugu ndio uliomfanya asiondoke mpaka sasa. Fundi saa, kwenye jiwe lake, alijimiminia chai na kuangalia upande mwingine kabisa, kama mtu anayekagua mawingu.

"Nitakupa," nesi alisema mwishoni. "Kwa neno moja. Sema hapa, mbele ya kaka yangu na mbele ya mwalimu: ngazi ni saba."

Maji yaligonga jiwe, yakarudi.

Bi Pindo aligeuza jambo hilo kichwani kama kitambaa, ndani nje, akitafuta upande wenye dosari. Akikataa, wifi anazama peke yake na anaibuka na saba. Akikubali, saba inasemwa kwa kinywa chake mwenyewe, lakini macho yake yatashuka yakaone. Kinywa kilishasema uongo mara nyingi katika maisha yake, hasa kwa wateja waliouliza kiti kitakuwa tayari lini. Macho hayakuwahi. Na tangu alipojiandikisha bwawani, kwa mara ya kwanza alijiuliza swali ambalo hakuwahi kulithubutu: na kama kweli ni saba? Alikuwa na miaka kumi na miwili. Mtoto huhesabu kwa moyo.

"Ngazi ni saba," alisema.

Fundi saa alisahau kufunga chupa ya chai.

Kubadilisha mikanda kulichukua nusu saa. Bi Pindo aliyafungua mavazi yote mawili juu ya turubai, akazing'oa pete na vishikizo, akaipitisha upya, vidole viwili begani, bizimu kulia kidogo, na hakumruhusu mtu kumsaidia. Alijivisha. Bizimu likasema ta. Mkia ukabaki, kiganja kizima, ukining'inia. Polepole aliutazama, kisha akamtazama mwenye nao. Bi Pindo akauchomeka chini ya mkanda kwa adabu, kama mtu anayemlaza mtoto wa mwenzie.

Wakazama.

Kwanza kulikuwa na kelele za pumzi zake mwenyewe tu, kisha hata hizo akazizoea. Kadiri alivyoshuka ndivyo maji yalivyoiminya ile nguo nene ikawa nyembamba, naye akaanza kwenda chini upesi kuliko alivyotaka. Akabonyeza kitufe, bawa likala hewa kidogo mgongoni, likamshika. Akakaa pale katikati, hapandi wala hashuki, bamba limetulia kati ya mabega yake kama mkono wa mtu anayemfahamu. Angekuwa na kinywa cha kusemea, angetega kitendawili kingine.

Nyumba ya mizani iliwajia kutoka kwenye ukijani, haina paa, mlango wazi. Na mbele yake ngazi.

Bi Pindo alihesabu toka juu, akinyooshea kila moja kidole. Moja, mbili. Ya tatu ilikuwa imemeguka pembeni, kama alivyoikumbuka. Nne, tano, sita. Saba. Chini ya saba palikuwa na tope, limelala sawa kama shuka la hospitali.

Akahesabu tena. Saba.

Alielea hapo akiitazama ngazi ya saba, na pumzi zake zikawa ndefu. Hata mbuzi. Miaka yote hiyo, na hata mbuzi. Pembeni yake alimwona wifi yake naye akihesabu, kichwa kikishuka na kupanda, na alijiandaa kwa vile vidole saba vitakavyochezeshwa mbele ya miwani yake.

Nesi hakuinua vidole. Alikaa akiitazama ile ngazi ya mwisho na lile tope chini yake, jinsi alivyozoea kutazama kidonda kilichofungwa vizuri kupita kiasi. Ushindi alikuwa nao mara mbili, wa kinywa na wa macho. Hakuna aliyemdai zaidi. Lakini alishuka taratibu, akanyoosha mkono mmoja, akaanza kulipepea tope kwa kiganja. Wingu likapanda. Polepole alimpigia mtungi wake kwa chuma, ti ti ti, kumwonya kwamba anachafua maji, naye akaendelea kupepea. Wakangoja wingu lisogee.

Ngazi ya nane ilitokeza, nyeupe, safi, kama jana. Nesi akapepea tena, chini zaidi. Ikatokeza ya tisa. Chini yake akapapasa kwa vidole akafika kwenye sakafu ya mwamba wenyewe, akaugonga mara mbili kuhakikisha.

Kisha akageuka. Mawifi wakatazamana kupitia vioo, macho makubwa kama ya samaki. Nesi akainua mikono yote miwili mbele ya uso wake, akakunja dole gumba moja, akaviacha tisa vimesimama. Hakuvishusha upesi. Akamwacha mwenzie avihesabu, kimoja kimoja, na Bi Pindo akavihesabu.

Halafu nesi akaweka kidole kimoja mbele ya kipumulio chake: nyamaza.

Walipoibuka, fundi saa alikuwa amesimama ukingoni, maji yamefika kwenye viatu vyake naye hana habari. Aliwasaidia kupanda. Aliwapa chai. Akasubiri kwa heshima mpaka wameshika vikombe, ndipo akauliza zilikuwa ngapi.

"Saba," alisema nesi, uso mkavu chini ya nywele zinazochuruzika. "Na mwenyewe alishakubali hata kabla ya kuziona."

Mumewe akamgeukia mkewe. Alitarajia moto. Bi Pindo alikuwa akinywa chai, mabega yakimtikisika kwa kitu alichokizuia ndani, na alipomeza akasema ndiyo, saba, yeye ni mtu wa kushika neno lake. Fundi saa akamgeukia Polepole. Polepole akasema yeye alikuwa akitazama hewa yao, ngazi si kazi yake, akainama kufungua mitungi ili wasimwone uso.

Fundi saa aliwatazama wanawake hawa wawili, mmoja mke na mmoja dada, wamekaa jiwe moja, bega kwa bega, hawagombani. Hilo lilimtisha kuliko maji. Labda ndilo lililomfanya afungue kinywa kusema jambo alilolifungia tangu ujana wake, jambo ambalo kwa miaka yote ya ndoa busara ilimkataza.

"Lakini," alisema, "mimi siku zote nilijua ni nane."

Vikombe viwili vikashuka kwa pamoja.

"Nane," alisema Bi Pindo.

"Nane," alisema nesi. "Kaka, wewe ulihesabu umesimama au umelala?"

Akajaribu kujitetea. Alisema alikuwa akipanda pale kila siku kumpelekea karani chakula. Akasema alikuwa na kawaida ya kuruka moja. Alipofika hapo alijisikia mwenyewe, akataka kurudi nyuma, lakini mke na dada walikuwa wameshamshika, huyu kushoto huyu kulia, wakitaka kujua alikuwa akiruka ipi, na kwa miguu ya nani, na ilikuwaje amekaa nao mezani miaka yote hiyo na nane yake tumboni. Mwisho nesi akainua sauti kumwuliza Polepole kama chama kina nguo nene ya mwanamume mwenye kitambi cha kiasi.

Polepole alinyanyua kichwa kutoka kwenye mitungi. Alimtazama fundi saa toka kifuani hadi kiunoni, kwa utulivu, kama mtu anayechagua saa dirishani.

"Ipo," alisema.